Je, Vitamini Zaweza Kumponya Mgonjwa wa Sepsisi?

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo nazungumza na akina mama, akina baba, nyanya, na kila mtu anayelea mtoto au kumuuguza mgonjwa nyumbani.

Mara nyingi kliniki tunaulizwa hivi: "Sista, mgonjwa wangu amelegea kabisa. Je, si nimnunulie dawa ya vitamini apate nguvu?" Wengine wameambiwa na jamaa walio mjini kwamba kuna dripu ya vitamini C ambayo humwinua mtu aliyelazwa akiwa mahututi. Swali hili ni zuri, na huulizwa na mtu anayempenda mgonjwa wake. Tulijibu vizuri leo, kwa maana mtu akikosea hapa anaweza kumpoteza mgonjwa ambaye angepona.

SEPSISI NI NINI?

Sepsisi ni hali ya hatari inayotokea wakati mwili unapopigana na maambukizi kupita kiasi, hata ukaanza kujidhuru wenyewe. Wengi wetu huiita "sumu kwenye damu" au "maambukizi ya damu".

Mwili una askari wake wanaotulinda. Kidonda kikiingia uchafu, askari hao hukimbilia hapo na kuua viini. Hiyo ni kazi njema. Lakini katika sepsisi, askari hukosa mpangilio. Wanashambulia viini na wakati huo huo wanaharibu mapafu, figo, ini, moyo na ubongo. Mishipa ya damu inalegea na kuvuja, na damu haifiki inakotakiwa. Mgonjwa anapofikia hapo, mikono na miguu huwa baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, na anaweza kuzimia. Madaktari huita hali hiyo mshtuko wa sepsisi.

Sepsisi inaweza kuanzia mahali popote penye maambukizi: kitovu cha mtoto mchanga, nimonia, kuhara, maambukizi ya mkojo, kidonda cha kuungua, au tumbo la uzazi baada ya kujifungua. Wataalamu walikadiria kuwa katika mwaka wa 2017 watu wapatao milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 wakafa. Katika vifo hivyo, karibu milioni 2.9 vilikuwa vya watoto walio chini ya miaka 5. Kwa hivyo huu si ugonjwa wa watu wa mbali. Ni ugonjwa wa nyumbani kwetu.

KWA NINI MADAKTARI WALIFIKIRIA VITAMINI?

Wazo hili halikuzushwa na wauzaji wa dawa tu. Mgonjwa wa sepsisi akipimwa damu, mara nyingi vitamini C hupatikana imeshuka sana, kwa sababu mwili unaitumia haraka. Vitamini B1, iitwayo pia thiamini, huusaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Basi madaktari wakajiuliza: tukirudisha kilichopungua, je, mgonjwa hatapona upesi?

Mwaka wa 2017 daktari mmoja wa Virginia, Marekani, aitwaye Paul Marik, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya wagonjwa 47 wa sepsisi waliopewa vitamini C na thiamini kwa mshipa, pamoja na dawa iitwayo haidrokotisoni. Walikufa 4. Katika wagonjwa wengine 47 ambao hawakupewa mchanganyiko huo, walikufa 19. Habari hiyo ilienea duniani kote. Hata mimi ningefurahi, maana vitamini ni rahisi na hupatikana kila mahali.

Lakini palikuwa na tatizo. Wagonjwa wale wa pili walikuwa wametibiwa miezi iliyotangulia, si wakati mmoja na wenzao. Mkulima anaelewa jambo hili haraka. Ukiweka mbolea mpya mwaka huu na mahindi yakazaa kuliko ya mwaka jana, je, ni mbolea au ni mvua? Huwezi kujua mpaka upande mistari miwili katika shamba moja, msimu mmoja, mmoja uwe na mbolea na mwingine usiwe nayo.

Ndivyo madaktari walivyofanya baadaye. Waligawa wagonjwa watu wazima kwa bahati nasibu, wengine wakapewa vitamini na wengine wasipewe, kisha wakawafuatilia.

Mwaka wa 2020 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 216 wa Australia, New Zealand na Brazili. Vitamini C na thiamini hazikuleta nafuu zaidi. Mwaka wa 2021 yakatolewa ya wagonjwa 501 nchini Marekani. Hapo pia hapakuwa na tofauti. Kisha mwaka wa 2022 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 872 katika nchi za Kanada, Ufaransa na New Zealand. Waliopewa vitamini C nyingi kwa mshipa ndio walioumia zaidi: baada ya siku 28, asilimia 44.5 yao walikuwa wamekufa au viungo vyao bado havifanyi kazi bila msaada. Kwa wale ambao hawakupewa, ilikuwa asilimia 38.5.

Vitamini D nayo ilijaribiwa. Mwaka wa 2019 utafiti wa Marekani ulihusu zaidi ya wagonjwa mahututi 1,000 waliokuwa na upungufu wa vitamini hiyo. Walipewa dozi moja kubwa sana. Haikupunguza vifo.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya kimataifa ya kutibu sepsisi, ya watoto iliyotoka mwaka wa 2020 na ya watu wazima iliyotoka mwaka wa 2021, haishauri kumpa mgonjwa wa sepsisi vitamini C kwa mshipa kama sehemu ya tiba.

KITU KIZURI CHAWEZAJE KUDHURU?

Mama mmoja anaweza kusema, "Lakini machungwa yana vitamini C, na sijaona mtu akifa kwa machungwa." Ni kweli. Chungwa lina kiasi kidogo, na tumbo huchukua kinachohitajika. Dripu ya vitamini humwaga kiasi kikubwa moja kwa moja kwenye damu, kwa mtu ambaye figo zake tayari zimechoka.

Vitamini C nyingi yaweza kutengeneza chembe ngumu ndani ya figo. Yaweza pia kudanganya baadhi ya vipimo vya sukari vya kudunga kidole, vikaonyesha sukari iko juu kumbe iko chini. Mtoto mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka na haijulikani yuko hatarini. Tena wapo watu waliozaliwa na upungufu uitwao G6PD katika chembe nyekundu za damu, hasa sehemu zenye malaria kama Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Kwao, vitamini C nyingi kwa mshipa yaweza kuvunja chembe hizo na kuwaletea upungufu wa damu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna funzo letu wenyewe. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa mtoto mwenye homa kali na mshtuko anafaa kupewa maji mengi ya dripu kwa kasi. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa moja ya mahali hapo, ulifuatilia watoto zaidi ya 3,000. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2011. Kati ya kila watoto 100 waliopewa maji kwa kasi, kama 10 walikufa katika saa 48. Kwa wale waliopewa maji polepole, walikufa kama 7. Hii haina maana kuwa dripu ni mbaya. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara huihitaji sana. Maana yake ni kwamba kinachoingia kwenye mshipa kiamuliwe na mtaalamu aliyempima mgonjwa, kisinunuliwe kama soda.

BASI VITAMINI ZINA FAIDA GANI?

Zina faida kubwa sana, mpenzi msikilizaji. Tunachosema ni kuwa kila kitu kina mahali pake.

Kwanza, vitamini huujenga mwili kabla ugonjwa haujaingia. Mtoto apewe vitamini A kila baada ya miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Wa miezi 6 hadi 11 hupewa kipimo cha 100,000, na wa mwaka mmoja na zaidi hupewa 200,000. Angalia kijitabu chake cha kliniki kama imeandikwa. Mama mjamzito naye ameze tembe za madini ya chuma na foliki anazopewa kliniki. Mtoto akizaliwa, sindano ya vitamini K humkinga asivuje damu.

Pili, kuna magonjwa ambayo vitamini ni sehemu ya tiba kamili. Mtoto mwenye surua hupewa vitamini A siku mbili mfululizo, na hiyo huokoa macho na maisha. Mtoto anayehara hupewa maji ya ORS na tembe za madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mtu mzima aliyetapika kwa muda mrefu, au anayekunywa pombe kupita kiasi, huenda daktari akampa thiamini kwa sababu ameona upungufu. Hapo ni tiba yenye sababu.

Tatu, vitamini husaidia mgonjwa anapopata nafuu. Lakini hata hapo, njia bora ni chakula. Mpe mboga kama kunde, terere, managu na sukuma wiki, zisipikwe mpaka zikapoteza rangi. Mpe malenge, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, papai, mapera, maembe, mayai, ini na omena.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali asipewe dawa za ziada bila kuuliza. Maziwa maalum ya hospitalini na ile siagi ya njugu ya matibabu tayari zina vitamini zake. Hata dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma haitolewi siku za mwanzo, wakati maambukizi bado ni makali.

NINI HASA KINAOKOA MGONJWA WA SEPSISI?

Ni muda. Tuseme mtoto wa siku 9 ameacha kunyonya tangu alfajiri. Analala sana, na mwili una joto. Saa mbili asubuhi jirani anasema ni mchango. Saa nne mama anaenda duka la dawa, ananunua dawa ya maji ya vitamini kwa shilingi alizoweka za unga. Anampa kijiko na kungoja aone. Saa kumi jioni mtoto amekuwa baridi na anapumua kwa kukoroma. Ndipo wanatafuta bodaboda. Dawa ile ya vitamini huenda isimdhuru mtoto kwa yenyewe. Kilichomdhuru ni ile siku nzima iliyokwisha.

Mtoto huyo alihitaji antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kwa sindano. Kwa mgonjwa aliye katika mshtuko, dawa hizo zinatakiwa zianze ndani ya saa moja baada ya kutambuliwa. Alihitaji pia oksijeni ikiwa anapumua kwa shida, joto, kupimwa sukari, na maji kwa kipimo. Hizo ndizo nguzo za tiba. Wahenga walisema: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mtoto mchanga hospitalini mara moja ukiona:

- Hanyonyi, au ananyonya kidogo sana kuliko kawaida.
- Amelegea, au hasogei mpaka aguswe.
- Mwili una joto kali, au ni baridi isivyo kawaida.
- Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika moja, au kifua kinabonyea ndani.
- Ana degedege.
- Kitovu kinatoa usaha, au wekundu umeenea kwenye ngozi.

Mtoto mkubwa: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, haamki vizuri, anapumua kwa shida, au mikono na miguu yake ni baridi ilhali tumbo lina joto.

Mama aliyejifungua: homa na kutetemeka, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, au kuchanganyikiwa. Usiseme ni uchovu wa uzazi. Nendeni hospitalini.

Mkiwa njiani, mfunike mtoto vizuri. Mchanga awekwe kifuani ngozi kwa ngozi na mama. Kama anaweza kumeza, endelea kumnyonyesha. Kama amezimia au ana degedege, usimtie chochote mdomoni, iwe maji, dawa au uji, kwa sababu kitaingia mapafuni. Beba kijitabu cha kliniki na dawa zote alizokwisha kupewa, hata za mitishamba. Sema ukweli. Hatutakukaripia, tunataka kujua cha kumpa.

UKIWA HOSPITALINI

Una haki ya kuuliza kwa heshima: Mgonjwa wangu ana maambukizi ya wapi? Ameanzishiwa antibiotiki? Itatolewa kwa siku ngapi? Dawa hii mnayoniambia ninunue ni ya kazi gani, na nisipoipata leo itakuwaje? Ukiambiwa ununue dripu ya vitamini, uliza kama kuna upungufu uliopimwa au kuonekana. Kama pesa ni chache, tanguliza antibiotiki na vipimo. Usiuze mbuzi kwa ajili ya vitamini huku sindano ya antibiotiki haijanunuliwa.

Tena usimtoe mgonjwa wodini mapema kwa kuwa amefungua macho. Mtoto mchanga mwenye sepsisi kwa kawaida huhitaji sindano kwa siku 7 au zaidi. Dawa ikikatizwa, viini vilivyobaki hurudi kwa nguvu.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Je, nikimpa mtoto wangu vitamini kila siku, hatapata sepsisi?
Vitamini peke yake haziwezi kuzuia. Kinga ni kunawa mikono kwa sabuni, kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kutunza kitovu kwa usafi bila kupaka samadi, majivu wala mate, kujifungulia hospitalini, na kumaliza chanjo zote.

Mgonjwa wetu alipewa vitamini akapona. Mwasemaje?
Twashukuru kwamba alipona. Lakini kumbuka alipewa pia antibiotiki, maji na uangalizi wa wauguzi usiku na mchana. Ukimwona jogoo akiwika, si yeye aliyeleta alfajiri.

Je, nikimpelekea juisi ya matunda wodini?
Muulize muuguzi kwanza. Akiruhusiwa kula na anaweza kumeza, juisi safi iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa ni chakula kizuri. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Sepsisi ni dharura. Usingoje kesho.
- Antibiotiki, oksijeni, joto, sukari na maji kwa kipimo ndivyo huokoa.
- Dripu ya vitamini C haijaonyesha kuokoa wagonjwa wa sepsisi, na utafiti mkubwa wa mwaka wa 2022 ulionyesha madhara.
- Vitamini A ya kila miezi 6, chakula bora na chanjo ni ngao ya kabla ya ugonjwa.
- Kabla ya kununua dawa yoyote, uliza ni ya nini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mtoto mchanga akiacha kunyonya, watu hufanya nini kwanza?
2. Ni nani mwenye gari au pikipiki anayeweza kuitwa usiku?
3. Ni watoto gani katika kikundi hiki ambao hawajapata vitamini A kwa miezi 6 iliyopita?

Mpenzi msikilizaji, kama jirani yako hana redio, msimulie haya mkiwa mtoni au sokoni. Na kama sasa hivi unaposikiliza kuna mtoto hapo ndani ambaye hajanyonya tangu asubuhi, zima redio, mbebe, uende. Kwaherini, na tukutane katika kipindi kijacho.